Barua Iliyoandikwa Ili Ikataliwe

Ndugu walimu wa historia, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimetuishia, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie nani wa kulaumiwa kwa Vita Kuu ya Kwanza. Juzi nilichukua daftari la mjukuu wangu wa kidato cha tatu nione wanafundishwa nini. Nikakuta sababu zimepangwa vizuri kwa wino wa bluu: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa uliopitiliza. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "sababu ya papo kwa papo, mauaji ya Sarajevo". Mwalimu wake kampa alama zote, na mimi sina ugomvi na mwalimu. Lakini niliisoma orodha ile mara mbili nikitafuta mtu. Ukimwondoa kijana mwenye bastola, hakuna mtu. Mashindano ya silaha hayakuketi mezani yakatia saini. Ubeberu haukumwandikia mtu barua.

Sababu ni kitu kimoja, lawama ni kitu kingine. Nyumba ya makuti huungua upesi kwa sababu makuti yamekauka. Hiyo ni sababu, na ni ya kweli. Lakini aliyetupa kijinga cha moto ana jina lake, na jirani aliyeona moshi akaendelea kucheza bao ana jina lake. Leo nataka tuzungumze majina. Muda wetu ni siku 37, kuanzia tarehe 28 Juni hadi tarehe 4 Agosti 1914, na katika hizo nitakaa zaidi kwenye saa 48.

Sarajevo, mji wa Bosnia, mnaijua, nitapita haraka. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungary, aliuawa pamoja na mkewe Sophie na Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, baada ya dereva kukata kona isiyo yake. Silaha zilitoka Serbia. Nyuma ya vijana wale alikuwapo Kanali Dragutin Dimitrijević, mkuu wa ujasusi wa jeshi la Serbia, ambaye wenzake walimwita Apis. Kwa hiyo Austria ilikuwa na haki ya kudai majibu. Naomba mlishike hilo, maana wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba Serbia ilikuwa mwanakondoo.

Sasa twendeni Vienna, mji mkuu wa Austria.

Hapa kila kabila lina namna yake ya mahari, lakini kuna ujanja mmoja ambao nadhani ni wa wote. Kama hutaki binti yako aolewe na fulani, na hutaki watu waseme umemkataa mtoto wa watu, humfukuzi mshenga. Unamkaribisha, unampa chai, kisha unamtajia mahari ambayo unajua ukoo wao wote wakichanga hawaifikishi. Wakirudi mikono mitupu unasema mbele ya wazee: mimi sikukataa, wao ndio walioshindwa.

Tarehe 7 Julai 1914 baraza la mawaziri wa dola ya Austria-Hungary lilifanya hivyo hivyo, tena likaandika. Kumbukumbu za kikao zipo na mtu yeyote anaweza kuzisoma leo. Wote isipokuwa István Tisza, waziri mkuu wa Hungary, waliona kwamba ushindi wa kidiplomasia peke yake, hata kama ungeiacha Serbia imeaibika, usingekuwa na thamani. Kwa hiyo Serbia itolewe madai mazito kiasi kwamba kukataliwa kwake kuwe karibu ni hakika, ili njia ya kutumia jeshi ifunguke. Walimu, rudini kwenye sentensi hiyo. Hawa ni watu waliokuwa wanaogopa kwamba mazungumzo yangefaulu.

Jeuri hiyo waliitoa Berlin. Tarehe 5 Julai balozi wa Austria alikula chakula cha mchana na Kaizari Wilhelm wa Ujerumani huko Potsdam, akiwa na barua ya mfalme wake mzee, Franz Josef. Kaizari akaahidi kuiunga mkono Austria hata kama Urusi, mlinzi wa Serbia, ingeingia. Siku ya pili Kansela Bethmann Hollweg, mkuu wa serikali yake, akalithibitisha hilo. Wanahistoria wameiita ahadi hiyo hundi iliyotiwa saini bila kujazwa kiasi, na mfano huo unafaa, ila unasahau jambo moja: mwenye benki alikuwa anamhimiza mteja aende akatoe fedha upesi. Kisha Kaizari akapanda meli yake akaenda kutalii Norway, kama kila mwaka.

Kwa nini basi Vienna wakachelewa kuipeleka barua ya madai hayo hadi tarehe 23? Tisza alikuwa bado anavuta nyuma, akakubali tarehe 14 kwa sharti kwamba dola isijiongezee ardhi ya Serbia. Askari wengi walikuwa wameruhusiwa kwenda kuvuna mashamba yao. Na Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi, kwa ziara ya kitaifa. Kama barua ingefika akiwa bado mezani na Tsar, mfalme wa Urusi, Warusi na Wafaransa wangeshauriana uso kwa uso. Basi wakangoja aondoke. Hata ilipobainika kwamba meli yake ingeng'oa nanga baadaye kidogo kuliko walivyodhani, wakasogeza saa ya kukabidhi barua Belgrade, mji mkuu wa Serbia, kutoka saa 11 jioni hadi saa 12. Saa moja! Mtu mwenye dhuluma rohoni na bado anahesabu dakika, huyo si mtu aliyepitiwa.

Saa 12 jioni ya tarehe 23 Julai, Giesl, balozi wa Austria, aliingia wizarani Belgrade. Waziri mkuu Nikola Pašić hakuwapo, alikuwa mikoani kwenye kampeni za uchaguzi. Aliyepokea ni waziri wa fedha, Lazar Paču, ambaye hata Kifaransa, lugha ya mabalozi wakati ule, ilibidi atafsiriwe. Akaambiwa jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Akajitetea kwamba mawaziri wametawanyika. Giesl akamwambia kwamba katika zama hizi za reli na telegramu, na kwa nchi ndogo kama ile, kuwakusanya ni kazi ya saa chache. Paču akasita kuishika ile hati. Giesl akaiweka mezani akatoka.

Madai yalikuwa 10. Mengi yalihusu kufunga magazeti na vyama vya kuichukia Austria, kufukuza maofisa, kukamata watu waliotajwa. La sita ndilo mfupa: maofisa wa Austria washiriki uchunguzi wa kimahakama ndani ya ardhi ya Serbia. Sir Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema hajapata kuona hati ya kutisha namna ile ikitoka kwa dola moja kwenda kwa dola nyingine iliyo huru. Sazonov, waziri mwenzake wa Urusi, alipopewa habari alitamka kwa Kifaransa kwamba hiyo ni vita ya Ulaya.

Sasa naomba tuketi kidogo Belgrade, Jumamosi tarehe 25.

Mawaziri wa Serbia walishinda wanaandika na kufuta. Maneno yaliongezwa, yakapunguzwa, yakatafsiriwa, yakabadilishwa tena baada ya kutafsiriwa. Jioni inakaribia, karani wa kuchapa hana uzoefu, mikono inamtetemeka, na mashine ya kuchapa ikagoma. Nakala ya mwisho iliandikwa kwa mkono, ikiwa na maneno yaliyokatwa kwa wino, maana hapakuwa na muda wa kuandika nyingine. Hatima ya Ulaya, na karatasi yenyewe ina mafuta ya mikono kama daftari la duka la kijijini. Pašić, mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe, aliipeleka mwenyewe. Alifika ubalozini saa 12 kasoro dakika tano.

Giesl alimpokea akiwa amevaa nguo za safari. Mizigo ilikwishafungwa. Barua ya kuvunja uhusiano ilikwishaandaliwa, bado saini tu. Alilipitia jibu kwa macho, akaona halikubali kila kitu neno kwa neno, akatia saini yake, na treni ya saa 12 na nusu ikamchukua yeye, mkewe na watumishi wa ubalozi. Mto Sava haukuwa mbali. Dakika chache baadaye walikuwa upande wa pili, katika ardhi yao.

Nusu saa. Mshenga kaleta mahari karibu yote, na mwenye nyumba tayari kafunga mlango yuko stendi.

Nisiwadanganye. Jibu la Serbia lilikuwa tamu kuliko lilivyokuwa kamili. Sehemu nyingi walikubali kwa "lakini" na "iwapo itathibitishwa", na dai la sita walilikataa. Mwanadiplomasia wa Vienna aliyeshiriki kuiandika ile barua alikiri baadaye kwamba jibu lile lilikuwa kazi ya ustadi wa hali ya juu. Tena Serbia ilikuwa imekaa karibu mwezi mzima bila kufanya uchunguzi wowote wa maana, na serikali ya Pašić ilipata fununu mapema kwamba kuna vijana wamevushwa mpaka na silaha. Kwa hiyo wana fungu lao, nami nawapa. Lakini jibu lenye "lakini" ni mwanzo wa mazungumzo. Ndiyo kazi ya mabalozi hiyo, kukaa na hizo "lakini" hadi zipungue.

Na msidhani nayaona haya kwa kuwa nimekuja miaka 100 baadaye. Shahidi wangu ni Kaizari mwenyewe. Alirudi safarini, na asubuhi ya tarehe 28 Julai akasoma jibu la Serbia. Akaandika pembeni kwamba ni mafanikio makubwa kwa Vienna, na kwamba kwa jibu hilo kila sababu ya vita imeondoka. Akapendekeza Austria waishike Belgrade kama rehani halafu waongee. Siku hiyo hiyo, Austria ikatangaza vita kwa telegramu.

Tena ilitangaza vita ambayo haikuwa tayari kuipigana! Jenerali Conrad, mkuu wa majeshi, aliyeomba vita na Serbia zaidi ya mara 20 katika mwaka 1913 peke yake, safari hii alisema jeshi halitakuwa tayari hadi karibu tarehe 12 Agosti. Haraka ya nini? Berchtold, waziri wa mambo ya nje, alimweleza mfalme wake kwa maandishi: tusipotangaza vita kuweka mambo wazi, huenda mataifa mengine yakajaribu tena kuleta suluhu kwa amani. Mnasikia? Vita ilitangazwa ili kuiwahi suluhu.

Suluhu hiyo ilikuwa ya Grey. Mwaka mmoja kabla, wakati wa vita vya Balkani, mabalozi wa mataifa makubwa walikaa London chini yake, wakabishana miezi na miezi, na moto haukuenea. Kwa hiyo tarehe 26 Julai alipendekeza Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia wakae tena. Ujerumani ikakataa. Mapendekezo mengine ya Grey Berlin iliyapeleka Vienna, lakini kwa siri balozi wa Austria aliarifiwa kwamba serikali ya Ujerumani haikubaliani nayo, inayapeleka tu. Mshenga anafikisha ujumbe huku anakonyeza jicho.

Bethmann aliposhtuka, usiku wa tarehe 29 kuamkia 30, akaanza kuisihi Vienna ikubali kuongea. Siku hiyo hiyo mkuu wa majeshi wa Ujerumani, Moltke, akawatumia Vienna ujumbe wa kuwahimiza waite jeshi lote. Berchtold akauliza swali ambalo mimi naona linatosha kuwa mtihani mzima: Berlin anatawala nani, Moltke au Bethmann?

Sasa Urusi. Wapo wanaoiweka mbele kabisa katika lawama, na hoja zao si za kutupa. Urusi ndiyo dola kubwa ya kwanza kuita jeshi lake lote, na ilianza maandalizi ya chini kwa chini tangu tarehe 26. Tsar Nicholas alikuwa anabadilishana telegramu na Kaizari, kwa Kiingereza, mmoja anatia saini "Nicky" mwingine "Willy", maana walikuwa ndugu. Usiku wa tarehe 29 alifuta amri ya kuita jeshi lote. Alasiri ya tarehe 30 Sazonov alimwendea kwenye jumba lake la Peterhof akambembeleza karibu saa nzima hadi akakubali tena. Mkuu wa majeshi, Yanushkevich, alikuwa amekwishamwambia Sazonov kwamba akipata amri hiyo ataivunja simu yake, asipatikane tena mtu wa kuifuta. Sazonov akateremka, akapiga simu, akamwambia sasa unaweza kuivunja.

Hiyo ni dhambi, siipaki rangi. Waziri wa mambo ya nje anashangilia simu kuvunjwa! Lakini wakati huo mizinga ya Austria ilikuwa imekwisha kuipiga Belgrade. Urusi ilivunja simu baada ya mwingine kukata waya.

Na mambo ya treni ndiyo yaliyomaliza. Tarehe 1 Agosti, siku ambayo Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi, ilifika telegramu kutoka London iliyoeleweka kwamba huenda Ufaransa isingeingia. Kaizari akafurahi, akamwambia Moltke tupeleke jeshi lote mashariki. Moltke akajibu kwamba haiwezekani. Mpango mmoja tu ndio uliopangiwa ratiba, wa kupita Ubelgiji kuipiga Ufaransa kwanza, na treni 11,000 hazipangwi upya kwa usiku mmoja. Mfalme mkuu wa Ujerumani akagundua kwamba nchi yake inaendeshwa na ratiba ya reli.

Uingereza? Grey alikuwa mwungwana, naye ni mmoja wa watu ninaowahurumia katika habari hii, lakini alikawia kusema. Baraza lao lilikuwa limegawanyika, tena akili zao zilikuwa kwenye mgogoro wa Ireland. Hadi tarehe 29 ndipo alipomwambia balozi wa Ujerumani kinagaubaga kwamba Uingereza isingeweza kukaa pembeni. Angesema tarehe 24, huenda Bethmann angeshtuka mapema. Huenda. Tarehe 4 Agosti, saa 5 usiku kwa saa za London, Uingereza ikawa vitani kwa ajili ya Ubelgiji, ambayo ililindwa na mkataba wa mwaka 1839. Bethmann alimuuliza balozi wa Uingereza kama kweli wanakwenda kupigana kwa ajili ya kipande cha karatasi. Tangu Potsdam hadi hapo, naona hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyosema. Kwake mkataba ulikuwa karatasi, na barua ya masharti ilikuwa karatasi.

Ufaransa nimeipita kwa kuwa sina mengi ya kuidai, ila kwamba Poincaré na balozi wake kule St. Petersburg waliwatia Warusi moyo wakati walihitaji mtu wa kuwashika shati.

Hukumu yangu basi. Wengi hupenda kusema wote walikosea, na wakisema hivyo wanaonekana wenye busara. Mimi naona ni uvivu. Kuna tofauti kati ya mtu aliyeshindwa kuokoa mazungumzo na mtu aliyeyapanga yafe. Vienna iliyapanga yafe, na Berlin ikagharamia jeneza. Urusi iliharakisha, Serbia ilificha, Uingereza ilinyamaza. Haya si makosa ya uzito mmoja.

Huko Versailles, tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo, Ujerumani ilitia saini mkataba wa amani wenye kifungu cha 231. Wengi hukiita kifungu cha hatia ya vita, lakini neno hatia halimo. Kinasema Ujerumani na washirika wake wanawajibika kwa hasara na uharibifu, na kiliandikwa na wanasheria wakifikiria fidia. Wajerumani walikisoma kama hatia, wizara yao ya mambo ya nje ikafungua ofisi maalumu ya kukipinga, na wasomi wao wakachapisha nyaraka za kidiplomasia juzuu kwa juzuu. Hadi mwaka 1961, alipotokea Fritz Fischer, Mjerumani mwenyewe, akaingia kwenye makabati ya nyaraka na kusema kwamba viongozi wa nchi yake walibeba sehemu kubwa ya lawama. Alishambuliwa vibaya na wenzake. Ubishi unaendelea hadi leo, na mtu akinipinga hapa sitakasirika.

Na sisi tuliingiaje? Asubuhi ya tarehe 8 Agosti, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mnara wa mawasiliano wa Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Katika mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 kulikuwa na kifungu kilichoruhusu eneo lililojumuisha Afrika Mashariki lisiingizwe kwenye vita vya Wazungu. Gavana Schnee alitaka kukitumia. Lettow-Vorbeck, kamanda wake, hakutaka, na Waingereza nao hawakutaka. Karatasi nyingine. Mnaposhuka daladala Kariakoo, jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, watu waliobeba mizigo vichwani hadi makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hakuna hata mpagazi mmoja aliyewahi kuulizwa habari ya dai la sita.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza pale mlangoni: "Babu, kwenye mtihani niandike nini?" Mwanangu, andika sababu zako nne upate alama zako. Halafu chini yake andika majina: Berchtold, Bethmann, Conrad, Moltke, Sazonov. Mwalimu wako akikata alama, mlete kwangu.

Nimezidisha dakika nane, mwenyekiti ananitazama. Maswali. Anza wewe binti wa nyuma, uliyenyanyua mkono tangu nilipokuwa Belgrade.